Wiki Yangu Ina Siku Kumi

Ratiba ya kwanza ya marathoni niliyoifuata ilikuwa karatasi moja yenye visanduku 126: wiki 18, siku 7 kila wiki. Binti yangu ndiye aliyenichapishia. Niliibandika mlangoni mwa kabati, na kila jioni nikawa naweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa na miaka 57. Jumanne mbio za kasi, Alhamisi vilima, Jumapili mbio ndefu, na katikati yake zile zinazoitwa nyepesi. Niliitii karatasi ile kama mtoto wa darasa la kwanza anavyomtii mwalimu mwenye fimbo.

Wiki ya 11, siku ya mbio nyepesi, kwenye kilomita ya sita hivi, kitu kilinipiga nyuma ya mguu wa kushoto, kwenye shavu la mguu. Nilidhani mtu amenirushia jiwe. Niligeuka kumtafuta aliyerusha, nimekwisha andaa na tusi. Barabara ilikuwa tupu. Msuli ulikuwa umechanika, na mimi nikarudi nyumbani nikichechemea, nimeshika viatu mkononi. Sijui kwa nini nilivivua. Visanduku vilivyobaki havikupata vema hata kimoja.

Sasa nina miaka 62, na tangu siku ile nimemaliza marathoni mbili. Sikuzimaliza kwa sababu niliongeza bidii. Nilizimaliza kwa sababu niliacha kuamini kwamba wiki ina siku saba.

Nieleze. Ukimwuliza mtu umri unamnyang'anya nini mkimbiaji, atakuambia kasi. Ni kweli, unainyang'anya. Uwezo wa mwili kuvuta na kutumia oksijeni hushuka muongo hadi muongo, moyo haufiki tena mapigo ya juu uliyokuwa ukiyafikia, na misuli hupungua, hasa zile nyuzi zake za nguvu na kasi. Lakini kasi haikuwa tatizo langu. Sina wa kumkimbiza. Kilichobadilika, nami sikukiona mpaka kiliponiangusha, ni muda kati ya kazi na matengenezo.

Mazoezi yenyewe hayajengi kitu. Yanabomoa. Ukikimbia kilomita 20 unarudi ukiwa dhaifu kuliko ulivyotoka: nyuzi za misuli zimechanika kidogo kidogo, akiba ya nishati imekwisha, kano zimevutika. Nguvu huja baadaye, ukiwa umelala au umekaa tu, mwili unapokarabati na kuzidisha kidogo ili safari ijayo isiuumize vile. Kijana wa miaka 25 hukarabatiwa kwa siku moja, mbili. Mimi nahitaji tatu, na baada ya mbio ndefu hata nne. Ratiba ya mlangoni ilidhani kwamba Alhamisi itanikuta nimeshapona ya Jumanne. Alhamisi ilikuwa inanikuta nina deni, Jumapili inanikuta nina deni na riba yake, na mkopeshaji alinivumilia kwa wiki 10 na siku kadhaa kabla ya kuja kukamata mali.

Kuna jambo jingine lililonidanganya: pumzi. Moyo na mapafu huitikia mazoezi upesi. Ndani ya wiki chache kilima kilichokuwa kinakutoa ulimi unakipanda ukiimba. Kano hazina haraka hiyo. Damu inayozifikia ni kidogo, kwa hiyo huimarika kwa miezi, na kwa mtu wa umri wangu kwa miezi mingi zaidi. Basi pumzi yangu ilitangulia mbele ikishangilia, na miguu ikabaki nyuma kabisa ikiniita, nami sikusikia.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyeutibu ule mguu hakunipa hotuba. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, nani alikuambia mwili wako unajua leo ni Jumanne?"

Niliondoka na swali lile. Wiki ni mali ya kalenda. Iliwekwa kwa ajili ya ibada, kazi na masoko. Shavu langu la mguu halina habari nayo. Nikachukua siku zilezile 126 nikazigawanya kwa kumi. Zilitoka duru 12, na siku 6 zikabaki bila kazi. Hizo 6 niliziweka pembeni kama akiba ya dharura. Katika maandalizi ya marathoni hii ya pili, nne zilikwenda na mafua, moja ikaenda na harusi, na ya sita niliitumia kulala tu, mchana kutwa, bila sababu ya kumweleza mtu.

Ndani ya siku kumi ninazo kazi tatu za kweli, si zaidi. Siku ya 1 ni mbio ndefu. Siku ya 5 ni vilima au kasi. Siku ya 8 ni mbio za wastani, nusu ya ile ndefu au zaidi kidogo. Zinazobaki ni kupumzika, kutembea, mbio nyepesi mbili, na mazoezi ya nguvu. Kila kazi nzito ina angalau siku mbili nyuma yake za kuilipa. Basi. Hakuna siri nyingine, na naona aibu kidogo kwamba ilinichukua msuli uliochanika kuelewa hesabu ya darasa la tatu.

Kasoro yake naijua. Mbio ndefu zinahamahama: duru hii ziko Jumatano, duru ijayo Jumamosi. Mimi nimestaafu, nayaweza hayo. Rafiki yangu mmoja ambaye bado anaajiriwa alijaribu akashindwa, akaja na njia yake: mbio ndefu kila baada ya wikendi moja, na wikendi ya katikati anakimbia kiasi tu. Duru ya siku 14. Naye alimaliza salama. Namba kumi si takatifu. Chukua siku ngapi mwili wako unazotaka, ila zihesabu kwa miguu, usizihesabu kwa karatasi.

Halafu kuna suala la mwendo, ambalo kwa wanaume wa umri wangu ni suala la kiburi zaidi kuliko fiziolojia. Mbio nyepesi zinatakiwa ziwe nyepesi. Kila mtu anakubali maneno hayo, na karibu kila mtu anayavunja mara tu mtu mwingine anapotokea njiani. Nilinunua saa ya kupima mapigo ya moyo ili inizuie. Ile kanuni inayotajwa kila mahali, 220 utoe umri, ilinipa kiwango cha juu cha mapigo 158 kwa dakika. Kuna kanuni nyingine, 208 utoe asilimia 70 ya umri, yenyewe ikanipa karibu 165. Kisha siku moja kwenye kilima saa ikasoma 172, nami niko hai, nasalimiana na watu. Kanuni hizo ni wastani wa watu wengi, nami si wastani wa mtu yeyote. Sikuitupa saa, lakini niliacha kuisujudia.

Kipimo kilichonifaa nilikipata bila kutarajia. Asubuhi moja kijana alinipita kwa kasi, na katika kunipita akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee!" Nikafungua kinywa kuitikia. Ilitoka "mara", kisha hewa ikaisha. "Haba" ilibaki kifuani. Kijana alikwisha fika mbali, labda akidhani nimekasirika. Nikapunguza mwendo nikacheka peke yangu, na tangu siku hiyo ndicho kipimo changu: kama siwezi kusema "Marahaba, hujambo mwanangu, habari za nyumbani?" kwa mkupuo mmoja, basi siko kwenye mbio nyepesi. Hakihitaji betri. Hata njia ikiwa tupu naisema kwa sauti. Mbwa wa njia ile wamenizoea.

Wataalamu wanakijua kipimo hiki kwa jina la kipimo cha mazungumzo, na sababu yake ni ya msingi. Kwenye mwendo unaoruhusu kuongea, sehemu kubwa zaidi ya nishati hutoka kwenye mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha mbali sana. Ukikaza, mwili unahamia kwenye wanga, na akiba ya wanga ni ndogo. Misuli na ini vinahifadhi glaikojeni, yaani wanga wa akiba, ya takriban kilokalori 2,000. Kukimbia kunagharimu karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mimi nina kilo 71, kwa hiyo kilomita 42 zinataka karibu 3,000. Ndiyo maana kuanzia kilomita ya 30 hivi watu wenye nguvu zao hugeuka kuwa mahame. Wazungu wanakuita kule kugonga ukuta. Mimi sikugonga chochote nilipopatwa na hali hiyo katika marathoni ya kwanza. Nilikuwa kama taa iliyoishiwa mafuta: utambi upo, kioo kipo, mwanga ndio haupo. Kwa hiyo safari hii nilifanya mazoezi ya kula nikikimbia, gramu 40 za wanga kwa saa, kwenye kila mbio ndefu, hadi tumbo likakubali. Tumbo nalo linafundishwa. Lisipofundishwa linakuaibisha mbele ya watu.

Kwa upande wa mashujaa, nitawataja wawili tu, maana orodha ndefu ya wazee wa ajabu huwa inanichosha kuliko kunitia moyo. Joan Benoit Samuelson, aliyeshinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki mwaka 1984, alirudi kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2019 akiwa na miaka 61 na kukimbia saa 3 na dakika 4, miaka 40 baada ya ushindi wake wa kwanza hapo hapo. Nampigia makofi, lakini sijifunzi chochote kutoka kwake, kama vile sijifunzi kuruka kutoka kwa mwewe. Ed Whitlock ni habari nyingine. Huyu mzee wa Kanada alikimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48, akiwa na miaka 73. Mwaka 2016, akiwa na 85, alitumia saa 3 na dakika 56, na miezi michache baadaye akafariki. Kinachonivuta si muda wake. Ni mahali alipofanyia mazoezi: ndani ya makaburi ya jirani na kwake, akizunguka njia ileile, duru baada ya duru, kwa saa nyingi, tena kwa mwendo wa taratibu ambao mtu asiyemjua asingedhani anamtazama bingwa. Hakuona haya kwenda polepole. Nami nikasema, kama yeye haoni haya, mimi naona haya ya nini?

Mazoezi ya nguvu niliyachukia na bado nayachukia. Nayafanya kwa sababu misuli ya mzee haingoji kuulizwa, inaondoka yenyewe, na kukimbia peke yake hakuizuii vya kutosha. Naegemea ukuta au nashika reli ya ngazi, nasimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, napanda kwa ncha za vidole na kushuka taratibu, nikihesabu hadi tatu. Mara 12, kisha mguu wa pili. Kuchuchumaa na kuinuka nikiwa nimebeba kitu kizito. Kupanda kwenye stuli. Dakika 25, mara mbili katika duru. Ile sehemu ya kushuka taratibu ndiyo dawa. Msuli unaofanya kazi huku ukirefuka ndio unaoumia kwenye miteremko, na ndio uliochanika kwangu. Pia nimeongeza protini, kwa kuwa misuli ya uzeeni huwa migumu kusikia: inahitaji kuitwa kwa sauti kubwa zaidi ndipo ijijenge.

Kabla ya yote hayo nilikwenda kwa daktari, na sitaki aya hii isomwe haraka. Alinipima presha, damu, na moyo nikiwa ninatembea kwenye mashine inayoongezwa mwinuko. Mtu aliyevuka 50 na anataka kuanza mazoezi mazito namna hii asijidanganye kwamba kujisikia vizuri kunatosha. Na ukiwa njiani ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi inayokatika isivyo kawaida yako, simama. Hakuna medali ya hapo.

Mbio zangu ndefu kuliko zote zilikuwa kilomita 29. Ratiba nyingi zinataka 32, wengine wanasema 35. Lakini wanaoziandika wanawafikiria watu wanaomaliza 32 kwa saa mbili na nusu. Kwa mwendo wangu wa dakika 7 kwa kilomita, 29 ni saa 3 na dakika 23 za kugonga lami, na baada ya hapo kila kilomita ilikuwa inabomoa zaidi ya inavyofunza. Kwa hiyo nilizikimbia hizo 29 mara tatu, na sikuvuka. Nilitembea dakika moja kila baada ya kumi, tangu mwanzo, si baada ya kuchoka. Kijana mmoja aliniuliza kama huko nako ni kukimbia. Nilimwambia sijui, ila ninafika.

Wiki tatu za mwisho, unapopunguza umbali, ni wiki za wendawazimu. Nani aliniambia goti la kulia lina kelele? Mbona nyayo inauma? Kila siku maradhi mapya, nayo yote yakatoweka asubuhi ya mbio. Siongezi neno.

Siku yenyewe nilijiweka nyuma kabisa, nyuma ya mtu aliyevaa vazi la kuku. Kilomita tano za kwanza nilizikimbia kwa dakika 7 na robo kila kilomita, watu wakinipita pande zote kama maji yanavyolipita jiwe. Hapo ndipo ratiba ya siku kumi ilinisaidia kwa njia nisiyoitegemea. Miezi minne ya kuambiwa pumzika, subiri, bado, ilikuwa imenizoesha kupitwa. Sikuumia. Mnamo kilomita ya 24 nilianza kuwaona tena, mmoja mmoja. Kuku nilimpita kwenye 27.

Nilikunywa kila kituo, kidogo kidogo. Hisia ya kiu hupungua na umri, kwa hiyo mzee akingoja kiu amechelewa. Lakini kunywa kupita kiasi nako ni hatari, hasa kwa sisi tunaokaa barabarani saa tano, maana maji mengi yanaweza kupunguza chumvi ya damu hadi mtu akaanguka. Jirani yangu mmoja wa njiani alinipa kidonge cha maumivu, ibuprofeni, kwa nia njema. Nilimshukuru nikakitia mfukoni. Figo zikiwa tayari zina kazi ya kutosha, dawa hizo huziongezea mzigo.

Kilomita ya 36 kilikuwa kilima kifupi, cha kudharaulika siku nyingine yoyote. Katikati yake alikuwepo kijana, miaka 20 na kitu, amekaa ukingoni ameshika paja, misuli imembana. Alinitazama nikikaribia. "Shikamoo mzee."

Nikajaribu. "Mara..."

Hewa ikaisha. Nilijua papo hapo kwamba nimezidisha, pengine tangu kwenye 33, nilipoanza kuwahesabu ninaowapita. Nikamwinulia mkono, nikatembea hadi juu ya kilima, nikatembea tena hadi kituo kilichofuata, dakika nne nzima huku saa ikilia. Nilipoweza kuisema yote kwa mkupuo, pamoja na habari za nyumbani, ndipo nikaanza tena. Yule kijana alinipita kwenye kilomita ya 39, anachechemea anacheka, na safari hii nilimwitikia kabla hajasalimu.

Urefu wa marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Umbali huo ulitokana na Olimpiki ya London ya mwaka 1908, mbio zilipoanzia kwenye kasri la Windsor na kuishia mbele ya kiti cha kifalme uwanjani, na mwaka 1921 ukathibitishwa kuwa rasmi. Kwa maneno mengine, zile mita za mwisho zipo kwa ajili ya starehe ya mtu aliyekuwa amekaa. Nilizifikiria sana nikiwa ndani yake. Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 4.

Kesho yake niliteremka ngazi kinyumenyume, nimeshika reli kwa mikono miwili, mke wangu akinisubiri chini na simu, anarekodi. Nilipofika nikafungua daftari, nikaanza ukurasa mpya, nikaandika: Siku ya 1. Kisha nikakaa muda, sina la kuongeza, nikalifunga.